Jina Kwenye Bangili

Nkambo, bibi yangu mpendwa,

Umeamkaje huko Musonoi? Hapa Fungurume jua linaunguza, nasi tumejificha kwa mchomeleaji wa vyuma tukisubiri lori. Kwenye kizuizi cha njia ya Tenke, vijana wanatafuta majina ya Kikasai ili wawapige wenye nayo. Karatasi zetu tumezichoma. Limebaki jina la Tata, mkweo, ulilochongesha kwenye bangili ya fedha uliyompa Mama.

Kulikwangua kwa tupa kungeacha kovu la kutiliwa shaka. Kwa hiyo Tata aliipasha moto na kuichovya kwenye maji ya ndimu mara tano, mpaka ngozi ya bangili ikawa nyeupe. Kisha akaielekezea moto mkali wa mchomeleaji.

“Ukiyeyusha kitu ya mama yangu, mi sipande kamyo na weye,” Mama alisema.

“Basi nitapanda juu ya mizigo.”

Tata aliendelea kuusogeza moto. Ghafla fedha ikajikunja kama utando wa maziwa yanayochemka, herufi zikazama, naye akaondoa moto papo hapo. Bangili ni nzima.

“Nimejifuta mi mwenyewe,” Tata alisema polepole.

Tunaondoka sasa. Ukituandikia Kasai, Nkambo, andika jina letu lote kwenye bahasha.

Nakukumbatia sana,
mjukuu wako Béa