Makaburi Kumi na Manne ya Imaluk

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimemaliza Imaluk! Wiki sita nachora ramani ya kijiji kisicho na mtu, kisiwani huko Aktiki, kutoka picha za zamani zilizopigwa kutoka ndegeni. Nyumba kumi na nne za wawindaji wa sili, mnyama wa baharini, kanisa, duka moja. Mti hata mmoja wa dawa hakuna. Mwaka wa 1963 serikali yao ilifunga duka, ikawahamishia bara wote. Sasa wajukuu wanataka ramani ya kutundika shuleni. Mimi nakaa Dagoretti, hapa Nairobi, kila asubuhi nakatiza Muthangari kwa miguu kuja kazini Westlands, na bado kisiwa hicho nakijua kuliko mitaa ninayopita. Mungai, bosi wangu, ameikagua kazi, anasema iko sawa. Nimejinunulia samosa mbili.

Jumatano, 4 Juni
Aibu! Kila nyumba ina rundo la mawe karibu na mlango. Mimi nikaweka misalaba – makaburi kumi na manne. Sikufikiria mara mbili. Kwetu Siaya baba amelala uani, nyanya kando yake. Mungai naye hakushtuka, babu yake yuko shambani kwao hapa hapa Dagoretti. Watu watazikwa wapi kama si nyumbani?

Leo Naja, msichana anayesimamia mradi kule, ameandika. Eti hizo ni stoo za nyama! Walifunika nyama ya sili kwa mawe, mbwa wasiifikie. Makaburi yako mlimani nyuma ya kanisa. Wamecheka huko siku nzima.

"Awiti, si tumezika nyama!" Mungai alicheka mpaka akatoa miwani. Na mimi nikacheka. Naja anataka nifute misalaba yote kabla ya Ijumaa tarehe 13, saa kumi na moja jioni. Ramani inaenda kuchapishwa.

Alhamisi, 5 Juni
Kuna mmoja hakucheka. Nyanya yake Naja, anaitwa Sofie. Alihama kisiwani akiwa na miaka sita. Nyumba namba tisa ilikuwa yao – na hawakuwa na stoo! Nyama yao iliwekwa kwa mjomba, nyumba ya kando. Majira ya baridi ya mwisho kabla ya kuhama, kaka yake mdogo, Pavia, alikufa bado ananyonya. Ardhi ilikuwa imeganda, haichimbiki. Sofie alipelekwa kwa majirani. Hakuambiwa mtoto kalazwa wapi, na wazazi wamekufa bila kusema. Mlimani ametafuta, hayuko.

Sasa anauliza: huyo mtu wa Nairobi aliwekaje msalaba mlangoni kwetu?

Niliuweka kwa sababu ni nyumbani.

Jumatatu, 9 Juni
Nimefuta kumi na tatu. Mungai ameona.

"Client alisema yote, Awiti. Hii si mambo ya feelings."

Nikamwonyesha picha tena. Marundo mengine yote ni mviringo. La tisa ni jembamba, urefu wa mtoto mchanga. Akatazama sana. Akarudi mezani kwake, msalaba akauacha.

Ijumaa, 13 Juni
Naandikia hapa hapa kazini. Saa kumi na nusu. Barafu ya baharini imeachia, Naja na Sofie wamevuka kwa mashua leo asubuhi. Nimefurahi kama ni mimi ninayeenda!

Ujumbe: wameshuka. Nyanya ana fimbo, amekataa kushikwa mkono.

Mungai amevuta kiti. Faili liko wazi, msalaba mmoja.

Ujumbe: wamefika mlangoni. Mawe yamejaa kuvu. Naja alitaka kuinua moja atazame ndani, Sofie amemkataza. Ameketi. Anaomba tuulizwe – kwetu, mtu akifika kaburini, huanza na nini?

Nimemjibu: tunamwita kwa jina. Tunamwambia nani amekuja.

Saa kumi na moja imepita dakika mbili. Simu ya mezani inalia, lazima ni wachapishaji. Mungai hajainuka.

"Mwambie Sofie amwambie pia walihamia wapi," anasema. "Huyo mtoto hakuambiwa."

Naandika. Simu bado inalia.