Mgeni wa Chiriku

Jumatano, Machi 4

Kwako kaka yangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila vumbi la chaki linanisumbua kifua. Wewe je, mgongo umepona, au bado unatembea umejipinda kama mabomba unayoyatandaza huko kambini?

Nakuandikia kwa furaha. Siku hizi sisi walimu wa chekechea tunaandika kila mtoto anavyocheza. Daftari lina safu mbili: kushoto "Nilichoona", kulia "Ninachofikiri", na mwalimu mkuu hufoka tukizichanganya. Basi jana mwanao, Chiriku wetu wa miaka minne, alikuwa kwenye kona ya vyombo vya kuchezea. Nakunakilia: "Alipanga vikombe vitatu. Akasema: changu, cha mama, cha mgeni." Upande wa kulia nikaandika kwamba anajua kuhesabu. Nawe ulidai ana mdomo tu!

Ni mimi mdogo wako

Jumapili, Machi 15

Mdogo wangu,

Barua nimeipata. Mgongo haujambo, lakini tangu niisome chakula hakipiti.

Mgeni gani? Mke wangu hana kaka, na mama yake hapandi gari. Leo nilipopiga simu nikamuuliza kama kuna jipya. Akasema, "Hakuna." Haraka mno! Nawe unaijua simu ya kambi: ni ya kupiga tu, Jumapili kwa Jumapili, dakika tano, na msimamizi ameketi pembeni anatega sikio. Ningeuliza nini zaidi? Lisemwalo lipo. Wewe unashinda na mtoto. Muulize, na wifi yako asijue.

Kaka yako

Jumanne, Machi 24

Kaka,

Pole kwa yote, natumaini unakula sasa.

Nimemuuliza. Mgeni analala wapi? "Kwa mama." Ana ndevu? "Ndiyo." Anaondoka saa ngapi? "Kukiwa bado giza." Na mama? "Alilia, akasema ni vitunguu." Juzi nilipita kumsalimu wifi, nikamkuta amesuka nywele upya. Kasuka kwa ajili ya nani, nawe uko huko? Inaniuma kukuandikia haya, lakini damu ni nzito kuliko maji.

Mdogo wako

Alhamisi, Aprili 2

Mdogo wangu,

Asante kwa kutonificha. Mzima ni mwili tu.

Likizo nimepata moja tu tangu mtoto akiwa mchanga, wiki mbili za Desemba, kisha nikarudi kwenye matope haya kwa ajili yao. Kumbe natwanga maji kwenye kinu. Humu ndani kuna bahasha ya pili. Mpe wifi yako mkononi. Aondoke nyumbani kwangu kabla mwezi haujaisha, na mtoto abaki kwako. Sitaki maelezo.

Kaka yako

Jumanne, Aprili 14

Kaka,

Leo sikuulizi hali. Soma kwanza.

Bahasha nilimpa wifi Ijumaa. Aliisoma amesimama mlangoni, akaniuliza, "Mgeni gani?" Nikamjibu, "Unamjua mwenyewe." Mungu anisamehe.

Jana mwalimu mkuu alikagua daftari langu. Akagonga ukurasa kwa kidole. "Hapa mtoto hachezi. Unacheza wewe, yeye anajibu tu. Kaa chini ufunge mdomo." Nikakaa. Nilichoona ni hiki, neno kwa neno:

"Alichukua kipande cha mbao, akakiweka sikioni. Akasema: Halo baba. Mgeni wetu atarudi lini? Aliniletea viatu vya bluu, vinanibana, lakini usimwambie, atasikitika. Aliondoka na begi, mama akalia. Baba, ukitoka kwenye simu, njoo umwone."

Kaka, viatu vile tulinunua pamoja, mimi na wewe, Desemba. Mgeni ni wewe. Wifi anasema kila siku ya likizo ile alimwambia Chiriku, "Huyu ndiye baba," naye akacheka: baba yuko kwenye simu. Na mimi, mwalimu mzima, niliziandika shuku zangu upande wa kushoto.

Nilimkimbilia wifi na daftari mkononi. Alilisoma, akalifunga, akaendelea kukunja nguo. Mabegi yako mlangoni. Amesema, "Jumapili akipiga, nitabaki. Asipopiga, hata mtoto hamtamwona." Piga, kaka. Piga hata kama huna la kusema. Ningekuwa mbele yako ningepiga magoti. Dereva wa lori la kambi ameniapia kwamba barua hii itafika Ijumaa.

Mdogo wako

Jumapili, Aprili 19

Mdogo wangu,

Salamu. Mvua imekata barabara, lori halijafika wiki nzima, kwa hiyo sina habari zenu. Lakini najua bahasha umempa. Wewe hujawahi kuniangusha.

Leo zamu yangu ya simu ilipofika, mkono ulinyooka wenyewe. Nikaurudisha. Dakika zangu nimempa fundi umeme aongee na watoto wake. Walichekeshana hadi msimamizi naye akacheka. Mimi nilikaa nje kwenye ngazi hadi alipomaliza.

Mwanangu akiniulizia, mwambie baba ana kazi nyingi.

Kaka yako