RAM ya Ponsiano Si Feki

Jumanne, 14 Aprili. Leo asubuhi Kibaha mvua ilinyesha mpaka nikafika kazini nimeshika viatu mkononi.

Justa, acha vyombo usome hii. Nimeaibika mimi!

Unaikumbuka RAM, ile kumbukumbu ya kompyuta, niliyonunua Kisarawe, dukani kwa Ponsiano? Imeandikwa kasi 3200, kompyuta yangu inasoma 2133. Na unakumbuka Jumamosi jumuiyani nilivyosimama nikasema, "Tumwombee Ponsiano aache kuuza vitu feki"? Mkaitikia wote, na mama yake amekaa palepale! Tangu hapo watu wanalikwepa duka lake.

Basi leo jioni nimeipeleka kompyuta kwenye darasa letu la kompyuta. Mwalimu Rahma akauliza, "Mama, uliingia kwenye mipangilio ukairuhusu kasi yake?"

Kuiruhusu? Kumbe RAM ikifungwa huanza na kasi ndogo, mpaka mwenyewe uiruhusu. Uiruhusu, Justa!

Akairuhusu, akaizima na kuiwasha. Kioo cheusi. Kimya. Nikapiga magoti katikati ya madawati, nikaanza Salamu Maria kwa sauti. Abeid, mwanafunzi mwenzangu, anacheka, "Mama, haijafa hiyo, inajipima tu!"

Kioo kikawaka. 3200! RAM ileile ya Ponsiano.

Darasa likapiga makofi, mimi machozi yananitoka. Mwalimu akaniuliza taratibu, "Na Ponsiano je?"

Nikasimama, darasa zima linanisikiliza, nikasema: "Jumamosi, mbele ya jumuiya na mbele ya mama yake, nitatamka kwamba Ponsiano ni mwaminifu, na mimi ndiye niliyemsingizia."