Mwisho wa Ile Kaseti ya Samurai

Papa,

Toronto baridi imeanza, na koti lako bado liko kwenye msumari wa mlangoni. Mama hataki liguswe. Mimi ni mzima. Mama ndiye aliyenitia hofu, na ndiyo sababu nakuandikia.

Tangu tukuzike alikuwa hajalia. Bukavu angelia mpaka mtaa mzima ujue mume wake ameondoka. Hapa, siku ya msiba, wazee wa kanisa walituomba tulie polepole, eti kuta za ghorofa ni nyembamba, majirani wataita polisi. Polisi! Kwa machozi! Basi Mama akameza kilio chake, na baada ya hapo hata chakula hakikupita.

Jumamosi akaniambia, "Weka ile kaseti ya Papa yako."

Unaijua. Yule samurai aliyefukuzwa na bwana wake, anayetembea kurudi kwao filamu nzima. Maandishi ya Kiingereza chini ya picha hukuyasoma, wala hukujali. Ukitoka kiwandani Brampton, miguu imevimba, ulikaa ukatusimulia kwa Kiswahili, kila mtu na sauti yake. "Msitazame upanga, tazameni miguu," ulisema. "Aliyekwisha kuamua hakanyagi kwa haraka." Na majani yakianza kuyumba nyuma yake: "Huyu hawezi kukunja uso mbele ya watu. Upepo unamlilia." Mama alikutania kwamba unawajua Wajapani kuliko shemeji zako. Halafu, pale samurai anapoliona paa la nyumba yao ng'ambo ya shamba, ulizima. "Basi, amefika. Twendeni tukalale." Kila mara, Papa! Sisi tukipiga kelele, wewe tayari unatafuta ndala zako.

Nilisimulia vibaya. Sauti ya yule bwana ilinishinda, Mama akawa ananisahihisha. Tulipofika penye paa, nikashika rimoti. Mama akasema, "Acha."

Papa, hakufika. Walikuwa wanamvizia kwenye majani. Anawashinda, lakini amekwisha kuumia. Haanguki papo hapo. Anaufuta upanga, anaurudisha alani polepole, anakaa chini vizuri kama mgeni aliyekaribishwa, uso umeelekea nyumbani. Upepo unakoma. Ndipo anainama. Sasa nakuelewa. Ulitaka angalau mtu mmoja afike kwao.

Nikasema kama ulivyotuzoeza: "Mama, ona, upepo umenyamaza."

Akalia. Yesu wangu, alilia! Alikuita kwa jina lako la ujana, lile ambalo sisi watoto hatuthubutu kulitamka, mikono kichwani, chini sakafuni. Nikakimbilia kufunga madirisha, kisha nikajiuliza, naficha nini? Nikakaa naye, nikalia pia. Jirani wa chini akagonga dari lake kwa mpini wa ufagio. Agonge! Naye ana watu wake, siku moja atafiwa. Baadaye Mama aliosha uso, akaomba fufu, akala.

Lala salama, Papa. Hukuturudisha Bukavu, na hakuna anayekulaumu. Nakuahidi: katika nyumba hii mwenye kilio atalia kwa sauti yake yote, nami nitakaa karibu naye mpaka amalize. Na wakubwa wetu uliowakuta huko wakikuuliza ulizikwaje ugenini, waambie umeliliwa.

Binti yako