Siku Marehemu Alipougua Kweli

Nyumbani,
Jumapili jioni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Ile homa imekuachia? Sisi huku wazima. Goti la mama limepoa, ila mdomo haujapoa: kila asubuhi anauliza kwa nini hupigi simu.

Kazi yangu ni ile ile uliyoicheka. Najilaza kitandani katika hospitali ya mafunzo na kujifanya mgonjwa, ili madaktari wanaosomea huduma za dharura wapimwe wanavyomhudumia mtu. Kuzimia sasa nimebobea.

Alhamisi binti yako alirudia mtihani wake. Unakumbuka kilichomwangusha mara ya kwanza: alikodolea macho mashine, akamsahau mgonjwa. Safari hii akishindwa, anatolewa kwenye mafunzo. Mimi shangazi yake sikuruhusiwa kumwigizia, nikalazwa kitanda cha pili, nyuma ya pazia, kwa ajili ya mwanafunzi mwingine. Roho ilikuwa juu juu.

Binti yako alipewa mzee mmoja fundi cherehani, mwigizaji mwenzangu, tunamwita Marehemu kwa jinsi anavyojua kufa. Ana kisukari. Asubuhi ile alijidunga dawa yake ya kushusha sukari, kisha akagoma kunywa chai, eti njaa itamfanya aonekane mgonjwa kweli. Alitakiwa kuigiza maumivu ya kifua. Akaanza kutetemeka na kuropoka, na msimamizi wa mtihani akatabasamu, akidhani leo mzee amekolea.

Nikachungulia. Binti yako alimshika mkono, akampapasa paji la uso.

"Daktari, nasimamisha mtihani. Jasho hili si la kuigiza."

Msimamizi akamkumbusha kwamba akiusimamisha ameshindwa.

"Basi nimeshindwa. Nipeni kipima sukari."

Sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Wakamtundikia dripu, na baada ya muda Marehemu akafumbua macho, akauliza kama ameigiza vizuri. Msimamizi alimwomba binti yako radhi mbele ya wote, akamwambia amefaulu.

Nami niliyetakiwa kuwa nimezimia nikaangua kilio, hadi mwanafunzi wangu akaja mbio kuniuliza panauma wapi. Nikamwambia hapaumi popote, yule pale ni mtoto wa mdogo wangu.

Mpigie simu, tafadhali. Yeye mwenyewe hatakusimulia, unamjua.

Msalimie wifi yangu na wale pacha. Mungu awafunike kwa rehema zake, na akurudishe tukuone.

Wako akupendaye,
Dada yako, mgonjwa mwenye afya tele.