Mmisri Aliyenifundisha Udi

Magarama, Gitega
20 Agosti 1983

Dada yangu Salama,

Nakuamkia wewe, shemeji Zuberi na wote wa hapo Muyinga. Magoti yako yamepoa? Sisi huku tuko, mvua bado, vumbi mpaka ndani ya sufuria. Mi mwili upo, ila nimechoka, dada, uchovu ule usioisha kwa kulala.

Barua ya harusi ya mwanao Kulthumu nimeipata. Umeandika kwamba wakwe wa Gasorwe wanasema bila udi wa mjomba Amissi hiyo si harusi. Ni kweli, nani mwingine? Bukirasazi nilipiga mpaka ng'ombe wakaacha majani, na mwenye ng'ombe akalia. Uliza yeyote.

Lakini tangu Ramadhani sauti imenikatika. Dokta amechungulia koo, akasema nisiimbe tena kabisa. Watu wanadhani mpiga udi hana haja ya koo. Udi hauna alama shingoni, kidole kinatafuta chenyewe. Zile sauti za katikati, ambazo si za juu wala za chini, mi nazipata kwa kuimba polepole huku napiga, kidole kinafuata koo. Miaka yote wakiuliza nanung'unika nini, nilisema nasoma dua.

Basi nikabandika vipande vya plasta shingoni mwa udi, nipate alama. Nikaenda kumpigia Hakimuddin dukani kwake, yeye masikio yake hayadanganywi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema Amissi, leo udi wako umekuwa harmoniamu, sauti za katikati hazimo. Nikamjibu ni mtindo mpya wa Kairo. Akanimiminia chai, hakucheka. Hapo nikajua nimekwisha.

Sasa nisikilize. Yule Mmisri niliyesimulia habari zake kila mahali, aliyepita Gitega mwaka ule baada ya uhuru, akanifundisha siku arobaini nikamlipa mbuzi wawili: hakuna Mmisri. Ulikuwa wewe, unachambua mchele uani na kuimba kasida, mi niko ndani nakufuata kwa koo, halafu kwa kidole. Na siku ulipoomba kuimba na sisi kwenye harusi ya binamu yetu Radjabu, nikakwambia sauti yako inapinda. Haikupinda. Niliogopa watu wakikusikia watajua nilikotoa yangu. Tangu siku ile hukuimba tena mbele ya watu, miaka ishirini.

Naomba siku ya harusi ukae karibu na sikio langu la kulia, uimbe. Si kwa kunong'ona, wasikie wote. Ukikataa sitakulaumu, nitakuja kula pilau tu, udi utabaki Magarama.

Nisalimie shemeji, na watoto mmoja mmoja. Kulthumu usimwambie bado habari ya Mmisri. Tangu mdogo alimpenda sana yule mtu. Nitamwambia mwenyewe.

Ndugu yako,
Amissi