Mayai Dimbwini kwa Lusekelo

Riverdale Park, Maryland

Mpwa wangu Vumilia,

Salamu zikufikie wewe na mama yako. Mimi ni mzima, na huku hakuna dimbwi lisilonijua. Kazi yangu ni kukagua wanyama wa majini: vyura, kobe na salamanda, yule kama mjusi mwenye ngozi ya chura. Juzi niliinua gogo nikakuta mmoja mrefu kama mkono wangu. Wenzangu walikimbia, mimi nililowesha viganja nisimchubue, nikambeba kama mtoto mchanga.

Sasa sikia. Tulitumwa Oxon Hill kukagua kiwanja kabla hakijajengwa. Mwenye kiwanja kutokeza, ni Lusekelo! Yuleyule aliyeleta posa kwenu akitaka kukuoa wewe, tukaipokea, kisha akaoa mwingine bila hata kuaga. Nikainamia dimbwi lake, nikayaona mayai ya salamanda yameshikana kama mlenda. Akanivuta pembeni.

"Mjomba, fumba macho tu. Mke wangu anasubiri nyumba."

"Mjomba wako nani? Ujomba uliuvunja mwenyewe!"

Nikayapiga picha, nikazipeleka ofisini. Sheria ya huku hairuhusu kufukia dimbwi lenye mayai hayo; kibali cha kujenga amenyimwa.

Salamanda, mwanangu, kila mwaka hurudi kwenye dimbwi alikozaliwa. Ana adabu kuliko wanaume wengine.

Vile vitenge vya sendofu yako, ile sherehe ya kukuaga isiyofanyika, ambavyo mama yako amevifungia sandukuni, vitoeni. Mvivae Jumapili, mpige picha mkicheka, mnitumie. Nitampelekea Lusekelo kwa mkono wangu.

Ni mimi mjomba wako,
Fidelis, mfalme wa madimbwi